Deni la Bega

Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi 2013, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kipimajoto kilichotundikwa kwenye mlango wa shemeji yangu Otylia kilionyesha nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Upepo ulivuma kutoka mashariki, mkavu, bila theluji, na mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kwa mpita njia ilikuwa asubuhi nzuri. Kwa mtu aliyelaza mtende nje usiku kucha, ilikuwa hukumu.

Nilikuwa nimekuja kukagua. Mimi, mwalimu wa kijiji chetu cha Witkowa, ndiye mwamuzi wa mitende, kazi niliyokabidhiwa na parokia, na kila mwaka alfajiri ya siku hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba hakuna msumari, waya wala uzi wa nailoni uliofichwa ndani ya mtende wowote. Mtende wetu hautiwi kitu kisichoota. Uti wake ni fito za mierebi ya kando ya mto, zilizofungwa pamoja kwa vitawi vya mierebi vilivyonyongwa kama kamba. Mapambo yake ni maua yaliyokaushwa tangu kiangazi, majani ya vichaka visivyopukutika, machipukizi yenye manyoya ambayo sisi huyaita vipaka, na nchani kabisa shada la matete. Chini huwa na unene wa paja la mwanamume. Juu haupiti kidole gumba. Husukwa ukiwa umelala, kisha huinuliwa uwanjani kwa mikono ya watu, kwa kamba, na kwa miti mirefu yenye panda tunayoiita mihimili. Ukiwa umesimama kengele ya saa sita inapolia, paroko hutoka na kuubariki. Ukiwa umelala, umelala.

Wa Otylia ulikuwa umenyooka kando ya ua wa bustani ya matufaha, mita ishirini na nane, na haki lazima isemwe: sikuona mzuri kuliko huo asubuhi ile. Niliinama nikaugonga kwa ukucha. Ulilia kama glasi.

"Usiniambie, shemeji," Otylia alisema nyuma yangu. Alikuwa amesimama na ndoo tupu mkononi, koti la marehemu ndugu yangu Ignacy likiwa limemfunika mpaka magotini. "Nimeshausikia mwenyewe."

"Uliumwagia maji?"

"Jana jioni. Kama Ignacy alivyofanya. Kama baba yenu alivyofanya."

"Baba yetu alikuwa na ghala refu."

"Najua alikuwa na nini. Ghala lilipoanguka nilikuwa hapa, wewe ulikuwa kwako."

Hakuna mtu wa nje ambaye angefanya kosa lile. Ufito uliokauka hukatika unapopindwa. Ndiyo maana kila nyumba ya Witkowa, jioni ya kuamkia Jumapili ya Matawi, huumwagia mtende maji ili ulale ukinywa. Huanza na babu, hufuata baba, na mikono hufanya kabla akili haijaulizwa. Jioni ile hewa ilikuwa laini na matone yalidondoka kutoka mapaani. Upepo uligeuka watu wakiwa wamekwisha kulala. Wenye maghala waliamka salama. Otylia, ambaye ghala lake lilianguka chini ya theluji mwaka uliofuata kifo cha mumewe, aliamka na kukuta maji yameingia katikati ya fito na kugeuka barafu. Na ufito wenye barafu haupindi hata kidogo. Huvunjika.

"Na huu ni mwaka wa tatu," alisema.

Hakuwa na haja ya kunikumbusha. Katika uwanja wetu wa soko kila familia ina mahali pake pa kusimamisha mtende, na mahali petu sisi akina Drabik ni kwenye nguzo ya Mtakatifu Floriani, chini ya ukuta wa kanisa, ambapo upepo haufiki. Mahali hapo tulirithi; hatukupewa na ofisi wala hatukununua. Lakini kanuni ni moja kwa wote: mahali palipokaa bila mtende miaka mitatu mfululizo hupata mmiliki mpya, naye ni yule wa kwanza kusimamisha mtende wake hapo. Ignacy alikufa mwishoni mwa vuli ya mwaka 2010. Mwaka uliofuata Otylia hakuwa na nguvu ya kusuka hata kikapu. Mwaka wa pili alisuka, mvua ikamwozeshea fito. Huu ulikuwa wa tatu, na aliusuka tangu Januari pamoja na binti yake Honorata, jikoni, ukumbini na barazani, kipande baada ya kipande.

"Sogeza saa, shemeji," alisema, akiitazama ndoo badala yangu. "Sikuombi mahali. Nakuomba jua. Saa saba jua litakuwa limeshafika uwanjani, barafu itakuwa imetoka. Saa moja tu."

"Kengele ni saa sita."

"Kengele hupigwa na mtu."

"Hupigwa na mtu saa sita, Otylia."

Alinitazama sasa. "Ulimjibu hivyohivyo ndugu yako."

"Nilimjibu hivyohivyo," nilisema, "na wewe ungenidharau kama ningekujibu tofauti."

"Ningekudharau nikiwa na mtende uliosimama. Ningevumilia."

Nililelewa katika shule ya bweni ya mapadre, ambako kijana aliyefika langoni dakika moja baada ya kengele alilala na njaa, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyekufa kwa sababu hiyo. Nilijifunza huko kwamba saa inayosogezwa kwa mtu mmoja huwa imeibwa kwa mwingine. Sikuona jambo la kubadilisha mawazo yangu katika bustani ya matufaha. Niliandika kwamba mtende hauna chuma, nikavaa glavu zangu.

Honorata alitoka nyumbani akiwa na kipande cha mkate mdomoni. Ni dereva wa basi la shule, mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha viti arobaini. Aliugusa mtende, akatoa mkate mdomoni.

"Mgonjwa wa baridi hufanywaje?" aliuliza.

"Hufunikwa," mama yake alisema.

"Basi. Mwalimu, baba mdogo, kanuni inasemaje kuhusu mifarishi?"

Nilifikiri kwa uangalifu. "Kanuni inakataza kitu kisichoota kuwa ndani ya mtende. Haisemi lolote kuhusu kilicho juu yake."

"Nakupenda ukiwa hivyo," alisema, akaenda zake mbio.

Kufikia saa moja na nusu, wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakipita malangoni wakiwa wamebeba mifarishi yao ya manyoya ya bata bukini, ile minene ya mahari, iliyoshonwa na bibi zao. Zenon, mwoka mikate, mtu mzito mwenye nyusi za unga, alileta kwa toroli matofali aliyoyapasha katika tanuri lake, kila moja limeviringishwa kwa gunia. Waliyapanga ubavuni mwa mtende, wakaufunika kuanzia shina hadi ncha. Mtende ulilala pale bustanini chini ya maua ya vitambaa vya mifarishi kama mwali wa mita ishirini na nane.

"Usiyagusishe fito," Otylia alimwambia Zenon. "Nataka ziote moto, sitaki ziive."

"Dada, mimi huoka tangu nina miaka kumi na minne. Najua tofauti ya kupasha na kuunguza."

"Mkate wako wa Ijumaa ulisema vingine."

Walicheka, lakini kila aliyecheka aliutazama mlima wa mashariki, ambako jua lilikuwa limepanda bila kuleta joto.

Saa nne waliubeba kwenda uwanjani. Wanaume na wanawake wapatao thelathini waliuweka mabegani ukiwa bado ndani ya mifarishi, Honorata akitembea pembeni na kuwaagiza wasipishane hatua, kwa maana bega moja likishuka, fito hupinda, na fito zikipinda kabla ya wakati, kazi imekwisha barabarani. Nilifuata nyuma. Mara mbili nilisikia ndani ya manyoya mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Kila mara Otylia alifumba macho na kuyafumbua, na hakusimama.

Kwenye nguzo ya Mtakatifu Floriani, Walenty Kurdziel alikuwa akingoja.

Ni lazima nieleze mtu huyu na lile lililokuwa kati yake na nyumba yetu, kwa sababu kila mtu uwanjani alilijua na hakuna aliyelitaja. Kurdziel ana mashine ya kupasua mbao, mdomo mkubwa na mikono inayojua kusuka kuliko mikono yoyote iliyobaki Witkowa. Lakini mahali pake ni kisimani, upande wa chini, ambako upepo hupita kama mtoza ushuru, na mtende wake, hata uwe mzuri namna gani, huyumba. Miaka minne kabla ya siku hiyo uliyumba ukaanza kumwangukia. Ignacy alikuwa upande huu wa uwanja, mtende wake bado chini, watu wake tayari wameshika kamba. Aliwaacha. Alikimbia akaingiza bega lake chini ya mtende wa Kurdziel, akausimamisha hapo hadi walipoufunga. Aliporudi kwake, kengele ilikuwa imebakiza pumzi chache. Aliniomba dakika kumi. Nilikataa. Mtende wake ulilala mwaka huo, na wa Kurdziel ulibarikiwa.

Kwetu hilo huitwa deni la bega, na hulipwa kwa bega. Kurdziel alijaribu kulipa kwa njia nyepesi: Pasaka ile ile alimpelekea Ignacy paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Ignacy alilirudisha. "Nililipa kwa bega," alimwambia, "nawe unaniletea paja. Hujui viungo vya mwili?" Tangu hapo wawili hao walisalimiana kwa kofia tu, na mwaka uliofuata mmoja wao akafa.

Sasa Kurdziel alikuwa amelaza mtende wake nyuma ya nguzo, mita thelathini kamili, mkavu, laini, uliolala ghalani kwa raha. Hakuupeleka kisimani. Alikuwa akisubiri Otylia ashindwe, ili ausimamishe pale pale kabla ya saa sita na mahali pawe pake.

"Nimeona mitende mingi," alisema kwa sauti ya kutosha uwanja mzima, "lakini huu ndio wa kwanza kulala mpaka saa nne na kujifunika. Tuuletee na chai?"

"Afadhali wangu unalala," Otylia alimjibu. "Wako umekesha ukivizia kitanda cha watu."

Vicheko vilimgeukia. Kurdziel aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea kofi alilostahili, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, na alinisubiri nisogee zaidi.

"Mwalimu na asikie. Otylia, sikiliza. Mtende huu ukiinuliwa, utakatika katikati, na utamuua mtu. Usiuinue. Niache nisimamishe wangu hapa leo. Mwakani nakurudishia mahali pako, mbele ya mwamuzi huyu. Ukikubali, tutakuwa tumemalizana. Kila kitu. Unajua ninachosema."

Otylia alivuta mfarishi mmoja uliokuwa ukiteleza, akauweka sawa.

"Yaani unataka kulipa deni lako," alisema, "kwa kunikopesha kitu changu."

"Nataka kulipa."

"Basi lipa. Lakini si kwa mali yangu, Walenty."

Kurdziel alirudi nyuma na kunitazama mimi, labda akitaka nimwambie kwamba masharti yake yalikuwa ya haki. Yalikuwa nadhifu. Hayakuwa ya haki.

Watu wake walikuwa wakimnong'oneza. Mmoja wao, shemeji yake, alisema waziwazi: "Walenty, twende kisimani tuinue wetu, tumalize. Hapa tutaganda bure."

"Tunangoja," Kurdziel alisema.

"Na akifaulu?"

"Uguse ule, halafu uniambie kama atafaulu."

Basi kila mtu akangoja. Misa iliimbwa na kwisha. Zenon alileta matofali mara ya tatu. Otylia alipitisha mkono chini ya mifarishi, kutoka shina hadi alipoweza kufika, na kila mara aliutoa mkavu. Kisha, saa tano na robo, aliutoa ukiwa umelowa. Hakutabasamu. Alilamba kidole chake, kama wapishi wanavyoonja chumvi.

"Shina limeachia," alimwambia Honorata. "Katikati bado."

"Na ncha?"

"Ncha sijui. Ncha ni ya Mungu."

Saa tano na dakika ishirini na tano jua lilipanda juu ya paa la kanisa na kugusa upande wa juu wa nguzo, si chini. Mifarishi ilianza kuvuja. Maji yalitiririka juu ya mawe ya uwanja, na mawe, ambayo yalikuwa bado kwenye kivuli, yaliyagandisha upya. Niliona hilo. Niliwaambia watu wamwage majivu, nao wakamwaga, lakini majivu hayakutosha.

"Tukingoja zaidi hatutawahi," Honorata alisema.

"Funua," mama yake alisema.

Walifunua. Mtende ulikuwa umelowa na kung'aa, vipaka vyake vimelala kama paka walionyeshewa, maua ya manjano na ya zambarau yamenywea. Palikuwa na mvuke.

Zenon alichukua mhimili wa kwanza, ule wa chini, ambao hubeba uzito wote mwanzoni na ambao haupewi mtu mwembamba. Wengine walishika mihimili mitano iliyobaki na kamba nne. Shina liliingizwa katika tundu la jiwe mbele ya nguzo. Honorata alisimama juu ya ngazi ya nguzo. Mimi nilisimama mahali pangu, karibu na tundu, hatua moja kutoka kwa Zenon, mikono mfukoni. Mwamuzi akigusa mtende unaoinuliwa, mtende huo umefutwa. Kwa sababu hiyo mikono ya mwamuzi hukaa mfukoni.

"Taratibu," Honorata alisema. "Kamba zivute nikisema, zisivute mkitaka. Haya. Pandisha."

Ulipanda. Kwanza kichwa cha matete kiliachana na mawe, kikatetemeka hewani. Kisha tumbo lake likaanza kupinda, na tukasikia barafu ndani ikivunjika, si mlio mmoja bali mvua ya milio, na vipande vyeupe vikadondoka juu ya mabega ya watu. Barafu iliyovunjika ndiyo tuliyoitaka. Ufito uliovunjika ndio tulioogopa. Kwa sikio hakuna anayeweza kuvitofautisha.

"Simama," Honorata alisema. Wote wakasimama. "Mama?"

Otylia alikuwa amepiga magoti chini ya sehemu iliyopinda zaidi, uso juu. "Kifungo kimoja kimeachia. Kimoja tu. Pandisha."

Ulipanda tena, ukapita bega, ukapita mlango wa kanisa. Pale ambapo mtende wowote huwa mzito kuliko wakati mwingine, unapokuwa si wa kulala tena wala si wa kusimama, kichwa chake kilikatika. Tulikiona kabla ya kukisikia: shada la matete na urefu wa mita mbili chini yake vikaning'inia kwa ganda, vikazunguka, vikaanguka katikati ya uwanja. Watu walirudi nyuma kama maji. Uzito ulibadilika ghafla, kamba ya kaskazini ikalegea, na Zenon, akijaribu kufuata, alikanyaga barafu. Miguu yake ilitoka mbele. Mhimili uliruka mikononi mwake na kugonga mawe.

Mtende ulianza kurudi chini, ukilala upande wangu.

Nilikuwa hatua moja. Nalisema hili bila kujificha na bila kuomba lolote: bega langu lilikuwa zima, nina urefu wa kutosha, na Otylia, akiwa bado magotini, alinitazama. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba nikiugusa umefutwa, na usipoguswa umeanguka. Mikono yangu ilikuwa mfukoni, na ilibaki mfukoni.

Aliyepita mbele yangu alinisukuma kando kama mlango. Kurdziel hakutafuta mhimili. Aliingia chini ya mtende wenyewe, akageuka, akaupokea begani, na goti lake moja likagusa jiwe. Nilisikia pumzi ikimtoka. Maji ya barafu yalimiminika ndani ya kola yake.

Hakuna aliyesogea. Nadhani hawakuamini.

"Vuteni," Kurdziel alisema, meno yamebana. "Mnasubiri nini, nichipue?"

"Kaskazini vuta," Honorata alisema. "Kaskazini. Kusini shika. Zenon, inuka, mhimili. Haya. Pandisha."

Kurdziel aliliinua goti lake kutoka kwenye jiwe. Kisha akanyoosha la pili. Mtende ulipanda juu ya bega lake, ukapita shingo, ukapita kichwa chake, ambacho kofia yake ilikuwa imeshaanguka, mihimili ikaupokea, kamba zikaupokea, na nguzo ya Mtakatifu Floriani ikaupokea. Otylia mwenyewe alifunga kitanzi cha mierebi kuuzunguka, akakinyonga mara tatu, akarudi nyuma.

Ulisimama. Bila kichwa, mita ishirini na sita, ukidondosha maji, lakini ulisimama.

Nilitazama saa yangu. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

Watu wa Kurdziel waliipata akili yao kabla yake. "Kisimani," shemeji yake alipiga kelele, "beba, beba," nao wakaunyanyua mtende wao wa mita thelathini na kukimbia nao kuvuka uwanja, mkia wake ukiyumba. Walifika. Walilitia shina tunduni. Walianza kupanga kamba, na nikaona, kama kila mwenye macho alivyoona, kwamba wasingeweza. Mtende wa mita thelathini penye upepo hauinuliwi kwa dakika tano.

Shemeji yake alirudi kwangu mbio, anahema. "Mwalimu. Dakika kumi. Umeona mwenyewe amefanya nini."

"Nimeona."

"Basi toa dakika kumi."

Mwingine alisema vivyo hivyo, kisha mwingine. Zenon, akiwa ameshika kiuno chake, alisema, "Mpe, Mwalimu, huyu amebeba mzigo niliouangusha." Bibi mmoja alinivuta mkono wa koti. Na Otylia akaja, viganja vyake vimechanwa na fito, akasimama mbele yangu mbele ya kijiji kizima.

"Shemeji," alisema, "mimi ndiye niliyemchelewesha. Mpe."

Sikuwahi kupendwa sana Witkowa, wala sikulihitaji hilo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kukataa jambo moja mara mbili kwa siku moja, kwa mtu yule yule, na mara ya pili akiniomba kwa ajili ya adui yake.

"Kengele ni saa sita," nilisema.

Nadhani wangenitukana. Baadhi walikuwa wameshafungua midomo. Ni Kurdziel aliyewanyamazisha. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nguzo, chini ya mtende wa Otylia, koti lake likiwa limelowa upande mmoja, alama za fito zimejichapa kwenye kitambaa cha bega.

"Mwacheni," alisema. "Ignacy aliomba dakika kumi, akanyimwa. Nikipewa mimi, nitakuwa nimelipa nusu."

Shemeji yake aligeuka akarudi kisimani.

Kengele ililia. Paroko alitoka akiwa na maji ya baraka na kinyunyizio, akaanza upande wa juu, na mtende wa kwanza kubarikiwa ulikuwa wa akina Drabik. Matone yake yaliangukia vipaka, na yaliyobaki yaliangukia kichwa kisicho na kofia cha Walenty Kurdziel, ambaye alifanya ishara ya msalaba bila kusimama. Kule kisimani mtende wa mita thelathini ulikuwa umelala juu ya mawe, na watu wake walikuwa wakikunja kamba.

Otylia aliokota kofia, akaipangusa barafu kwenye sketi yake, akampa.

"Walenty," alisema. "Nimehesabu. Bega kwa bega, na mtende kwa mtende."

"Na paja?"

"Paja kula mwenyewe."

Kurdziel akaivaa kofia, akaiinua kwa ule mtende usio na kichwa, kisha kwa Otylia.

"Hatudaiani, basi."

"Hatudaiani," alisema Otylia.